Mzinga wa Kudha Usiokuwamo Vitabuni

Kwa miaka ishirini na saba nililipwa mshahara wa kuziambia picha zilikuwa picha za nini. Nyingi zilikubali, kwa kuwa picha haina mdomo. Ninyi vijana mnaoanza kazi hii, siku mtakayokaa mbele ya droo zenye vumbi na lenzi mkononi, mtajiona makadhi: huyu gavana, ile harusi, yule kibarua, nyingine ije. Nami nilihukumu hivyo mpaka nikastaafu. Niliwahi kuandika "Gavana akipokea heshima za wenyeji" chini ya picha ya mpishi wa gavana akinunua kuku. Maelezo hayo yalichapishwa katika vitabu viwili kabla mjukuu wa mwenye kuku hajaja kulalamika.

Kazi yenyewe niliifanya katika makumbusho ya mji mmoja wa pwani, nchi jirani, nilikokimbilia vita vya kwetu vilipoanza. Nilifika na cheti cha sekondari, mashati mawili na lafudhi. Cheti kilinifikisha chuo kikuu, mashati yakachakaa kwa heshima zake, na lafudhi niliiua mwenyewe. Mimi ni Mbajuni wa Kismayu; nyumbani kwetu mtu ni mchu na mtoto ni mchoto. Niliposema "mchu" mara ya kwanza darasani, walicheka hadi mwalimu. Tangu siku ile nilizitoa ch zangu moja moja, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele, nikabaki na Kiswahili cheupe cha taarifa ya habari. Likumbukeni jambo hili, maana nitalirudia, na nikilirudia halitanipendeza.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Awesu, mkuu wa chumba cha picha. Hakuwa na shahada. Alikuwa na lenzi ambayo mpini wake ulivunjika akaufunga kwa uzi wa kushonea viatu, na alikuwa na kanuni moja. "Picha ni kama mtu mwongo," alisema. "Hukuvuta macho mahali anapotaka utazame. Wewe anza na miguu. Halafu kivuli. Kile unachoonyeshwa kitazame mwisho, ukiwa umeshiba."

Alinionya pia kuhusu maneno. Tulikuwa na droo imeandikwa "Mizinga". Ndani yake, kwa miaka na miaka, ilikaa pamoja mizinga ya kupigia vita na mizinga ya nyuki, ikisubiri mtu mwenye akili. Bwana mmoja wa mambo ya asali aliandika barua akiomba picha za mizinga; kijana aliyenitangulia akampelekea bahasha nene ya silaha za pwani. Jibu lilirudi kwa adabu sana, likiuliza nyuki huingilia wapi. Mzee Awesu alilibandika ukutani. "Neno likikujia kwa urahisi," alisema, "liulize limetoka kwa nani."

Nililicheka jibu lile kwa miaka ishirini na saba.

Nilipostaafu nilirudi Kismayu, nikapanga vyumba viwili karibu na bandari, na watu wakaanza kuniletea picha zao. Hapo ndipo alipoingia Zena. Ni binti wa kibanda cha kutengeneza simu sokoni, ana bisibisi nyuma ya sikio na maneno makali kuliko bisibisi. Ukoo wetu hauko karibu, lakini aliniita ami, na mtu akikuita ami jua ana haja.

Akaniwekea simu mkononi. Mjukuu wa askari mmoja wa Kitaliani alikuwa ameweka mtandaoni picha ya babu yake, ya zile siku Mtaliani alipokuwa akimngoja Mwingereza kwenye pwani yetu, akauliza: nani anaujua mzinga huu? Ufukwe ulikuwa wa kisiwa cha Kudha, umeandikwa pembeni. Katikati ulisimama mzinga mrefu, mweusi, juu ya magurudumu mawili. Askari alikuwa ameegemea gurudumu. Kando yake mtu wa kwetu, kifua wazi, kiganja amekilaza juu ya mtutu kama anayempapasa ng'ombe wake. Nyuma, mtu wa tatu ameinama kuunyanyua mkia wa mzinga, uso hauonekani, tunaonyeshwa mgongo na nyayo. Chini ya picha wapenzi wa silaha wa dunia nzima walikuwa wakitukanana. Mmoja asema ni wa meli, mwingine asema ni wa ngome, wa tatu amwambia wa pili mamaye hajui silaha.

"Huyo mwenye kifua wazi ni baba yake bibi," alisema Zena. "Fundi Shale."

Hapo nikaelewa, kwa sababu kisa cha Fundi Shale kila Mbajuni wa umri wangu amekisikia. Ilisemwa kwamba Shale, fundi wa vyombo wa Kudha, alimtumikia Mtaliani kwenye mzinga, na mzinga ule ukapiga jahazi la watu wa Fuma, kisiwa jirani. Jahazi lilizama. Nahodha wake aliogelea hadi nchi kavu akiwa amekatwa kidole cha mguu na kipande cha chuma. Hakufa mtu, lakini jahazi lilikuwa la ukoo mzima, na ukoo mzima ukaanza kuvua kwa mitumbwi ya kuazima. Tangu hapo watu wale wa Fuma hawakuoa wala kuolewa nyumbani kwa Shale. Watoto wa Shale waliitwa "wana wa mzinga" mpaka wakazeeka.

Sasa Omari wa Fuma, mjukuu wa mwana wa nahodha yule, alikuwa amemtaka Zena, na Zena amemtaka Omari. Babu yake Omari, Mzee Kombo, ndiye mwenye kauli, na kauli yake ilikuwa fupi: hatapeleka mahari kwenye nyumba ya mzinga. Lakini ni mtu wa haki. Alisema kama yupo mjuzi wa kuthibitisha kwamba mzinga ule haukuweza kufika njia ya vyombo vya Fuma, atamsikiliza.

"Ami," alisema Zena, "wewe si mjuzi?"

Vijana, mtu akikuuliza hivyo, kohoa, omba maji, toka nje. Mimi nilisema ndiyo.

Nilifanya kazi wiki tatu. Niliijaribu kwanza ile programu ya simu mnayoitegemea ninyi. Ikanijibu, kwa uhakika mkubwa, kwamba kile ni bomba la maji machafu. Nikaidharau. Nikafungua vitabu vyangu, nikahesabu njiti za magurudumu, nikapima urefu wa mtutu kwa kutumia kimo cha askari, nikalinganisha. Haukufanana na mzinga wowote. Mtu mwenye busara angesimama hapo akajiuliza kwa nini. Mimi nilifurahi, nikaona nimegundua mzinga adimu. Nikaamua ni wa meli, umeshushwa na kuwekewa magurudumu. Na mzinga wa meli, kwa urefu ule, ungefika Fuma na kupita.

Zena aliposikia alichomoa bisibisi yake nyuma ya sikio. Akauliza kama hakuna namna nyingine ya kuuona. Nikamwambia ukweli hauna shangazi. Nilikipenda sana kile nilichokisema, nilikiandika daftarini.

Akaniomba angalau nikamsikilize bibi yake kabla sijaandika. Nikapanda mashua ya injini mpaka Kudha, nikamkuta Bi Mize, mwanamke mkavu mwenye macho yasiyopepesa, amekaa mlangoni anachambua dagaa. Nikatoa daftari. Nikamuuliza kwa Kiswahili changu cheupe je, marehemu mzazi wake aliwahi kueleza ile ilikuwa silaha ya namna gani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya bahari.

"Ni mchi ule, mwanangu," alisema.

"Mchi?"

"Mchi mtupu. Mtaliani alimwapisha asiseme, naye hakusema. Kanambia mimi, siku anakata roho." Akanyoosha kidevu kuelekea uani.

Nikatazama uani. Palikuwa na mkungu mkubwa wenye kivuli, na chini ya mkungu kinu cha kutwangia, na ndani ya kinu, umesimama, mchi. Nikauona mchi. Mkungu nao ulikuwapo, wenye kimo cha nyumba, na sikuuona.

Mkishasoma vitabu vya silaha mtajua kwamba iko mizinga mifupi minene inayorusha juu kwa juu, na mataifa mengi huiita kwa jina la kinu. Damu ilinienda mbio. Mapokeo ya wenyeji yamehifadhi siri ya kijeshi kwa fumbo la jikoni! Nilimshukuru Bi Mize, naye alionekana ameridhika; alinifungia dagaa. Usiku wa safari ya kurudi sikuulala, nilikuwa naandika. Niliandika kwamba mzinga wa Kudha ulikuwa mzinga mrefu wa meli wenye tabia ya kinu. Silaha ya namna hiyo haijaundwa na kiwanda chochote duniani. Niliiunda mimi, kwa ukurasa mmoja na nusu.

Kikao kilifanyika nyumbani kwa mjomba wake Zena, hapa Kismayu, baada ya alasiri. Wanaume walikaa barazani, Bi Mize alikuwa kisiwani kwake ametulia, akiamini neno lake limefika. Kwetu wakubwa wakija kwa jambo la posa huwekewa kahawa. Atakayeimaliza amekubali mazungumzo. Atakayeiacha kikombeni amejibu, na hapana haja ya kumuuliza tena. Mzee Kombo alikuwa na kikombe chake mkononi. Ni fundi wa vyombo mstaafu, mrefu, kimya, vidole vyake vigumu kama vishikizo vya randa.

Nikasoma. Nilisoma vizuri, nilipumzika penye vituo. Nilipofika mwisho, Mzee Kombo aliuliza swali moja.

"Wafika Fuma?"

"Wafika na kupita," nilisema. "Hata kilima kisingeuzuia."

"Ahsante, msomi. Miaka yote tulikuwa twadhani tu."

Akaweka kikombe chini, kimejaa. Akachukua bakora yake.

Zena hakuja kunipigia kelele, ningependelea kelele. Alikuja kesho yake nyumbani kwangu, akasimama mlangoni bila kuvua viatu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ami, nilikuletea picha unisaidie nayo. Umenipiga nayo." Akaenda zake.

Siku tatu baadaye bajaji ilisimama mlangoni pangu, akashuka Bi Mize. Mkono wa kulia ameshika mchi wa kinu chake. Wa kushoto, gogo la kuni. Dereva wa bajaji alikataa kuondoka. Nadhani alitaka kuona nitakavyopigwa.

Alikaa. Akainua mkono wa kulia. "Hiki wewe wakiitaje?"

"Mchi, mama."

Akainua wa kushoto. "Na hiki?"

"Kuni."

"Kabla hakijawa kuni?"

"Mti."

"Mamako akiuitaje?"

Dereva wa bajaji, Msomali mtupu asiyejua hata kuagiza chai kwa Kibajuni, alininyooshea shingo akinihimiza.

"Uliuita hivyo ulipokuwa ukiukwea," alisema Bi Mize. "Sema."

"Mchi," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka thelathini na zaidi, na ilitoka kama jino.

"Mchi. Mlingoti wa jahazi uliopakwa lami. Mtaliani hakuwa na mizinga ya kutosha, akamwambia baba amchongee wa uongo, Mwingereza auone kwa mbali aogope. Nilikupa neno zima, mwanangu. Mimi mtoto wa Shale nikilisema, atasadiki nani? Nilikupa wewe ulitie kwenye karatasi. Ukaenda ukalitwanga."

Niliitoa nakala ya picha niliyoichapisha, nikatwaa lenzi. Nikiwa na umri wa miaka hamsini na sita, nikaanza upya, na miguu. Magurudumu ya mzinga wa tani nzima yalikuwa yamekaa juu ya mchanga mlaini wa ufukwe kama vikombe juu ya kitambaa; hayakuzama hata unene wa kidole. Nyayo za yule aliyeinama zilikuwa zimezama kuliko magurudumu. Halafu kivuli: kilikuwa chini ya tumbo la mzinga, kifupi, jua la utosi. Jua la utosi, pwani yetu, na Fundi Shale ameweka kiganja kitupu juu ya chuma cheusi, anatabasamu. Chuma kile kingembandua ngozi. Yule wa nyuma alikuwa ameunyanyua mkia kwa mkono mmoja. Mkono mmoja, vijana. Mambo haya yote yalikuwa mbele ya macho yangu wiki tatu, nami nilikuwa nahesabu njiti za magurudumu, ambayo sasa niliyatambua vizuri sana. Yalikuwa ya mkokoteni wa punda.

Niliikuza picha ikawa na ukubwa wa mkeka wa kuswalia, nikaikunja, nikaenda kwa Mzee Kombo. Nilimkuta kwenye kivuli cha chombo kinachojengwa, anawakosoa vijana wanaokaza kalafati kati ya mbao. Alinionyesha mgongo. Nikamwambia sikuja kwa habari ya mzinga. Nimekuja na gogo sijui ni la mti gani. Fundi hawezi kuliacha swali hilo lipite. Aligeuka.

Nikaitandaza mchangani. Aliutazama mtutu muda mrefu, kisha akapitisha kidole juu ya karatasi kama anayepapasa ubao.

"Mvinje," alisema. "Hapa pana jicho la tawi. Umechongwa kwa tezo, na aliyeuchonga ni mashoto." Akakirudisha kidole palepale. "Shale alikuwa mashoto."

Nilitaka kusema neno. Namshukuru Mungu nilikohoa tu. Kidole chake kilikuwa kimeanza kutembea, kutoka mtutuni kwenda magurudumuni, magurudumuni kwenda mkiani, kikafika kwenye nyayo za yule aliyeinama na kusimama juu ya wa kushoto. Kilikaa pale.

"Huyu nani?"

"Hajulikani," nilisema. Katika maelezo yangu niliandika: kibarua asiyejulikana.

"Hajulikani kwako."

Nikainama na lenzi. Mguu wa kushoto ulikuwa na vidole vinne. Pa kidole cha mwisho palikuwa pamepona, pako laini.

Vijana wa kalafati waliendelea kugonga. Mzee Kombo aliongea akiitazama picha. Alisema kila Idi baba yao aliwapanga mstari, mkubwa kwa mdogo, akawaonyesha pale palipokuwa na kidole, akawaambia mzinga wa Shale ndio uliokichukua, siku uliyolizamisha jahazi. Nao walikuwa wakilia. Yeye Kombo alikuwa akilia kuliko wote.

"Na hapa yuko na Shale, wasukuma mzinga wenyewe," alisema. "Na kidole kishakwenda."

Halafu akasema, taratibu, kama anayeng'oa msumari bila kutaka kupasua ubao: "Jahazi alilipandisha mwambani. Nimejua miaka mingi kwamba baba hakuwa nahodha wa maana. Alikuwa akipotea akienda kuswali. Sikupenda tu kulijua."

Nikamuuliza niandike nini. Alisema niandike nilichokiona, kwa kuwa ndiyo kazi niliyosomea, ijapokuwa sijaonyesha. Kisha akakunja picha, akaitia kwapani mwake, haijarudi kwangu mpaka leo.

"Mwambie Mize," alisema, "ile kahawa niliyoiacha aipashe moto."

Siku ya harusi ya Zena na Omari Mzee Kombo alikisimulia kisa mwenyewe, kwenye karamu ya wanaume, mbele ya Kudha na Fuma wote. Alinyoosha miguu yake akahesabu vidole kumi kwa sauti, akasema yeye bado hajakutana na mzinga. Watu walicheka mpaka pilau ikapoa. Ndiyo maana nami nina ruhusa ya kuwaandikia.

Maelezo ya picha niliyaandika upya, mafupi kuliko yote niliyowahi kuandika: "Mchi, ufukwe wa Kudha. Pamoja nao Fundi Shale, nahodha mmoja wa Fuma, na askari." Ch yangu niliiacha palepale ilipo. Zena akayaweka mtandaoni chini ya ile picha.

Wapenzi wa silaha walishangilia. Ndani ya wiki moja mzinga aina ya Mchi ulikuwa umeingia kwenye orodha zao, na mmoja tayari ameujazia umbali wa kupiga. Sijui ukurasa wangu wa kwanza aliupata kwa nani, lakini aliandika unafika Fuma na kupita. Wengine wanauliza kiwanda. Mmoja ana hakika aliuona wa pili, kisiwa fulani cha mbali, na ana ugomvi na yeyote asemaye sio.

Zena alisoma maswali yao kwa sauti mbele ya bibi yake, akauliza awajibu nini kuhusu risasi: ulipiga mara ngapi, na ulilenga nani?

Bi Mize hakuinua macho kwenye dagaa wake. "Waambie ulipiga mara moja tu," alisema, "ukampata msomi."